Njia tatu za Wakristo wahafidhina mbele ya mvuto wa jinsia moja: kila moja inaahidi nini

Mwumini anayevutiwa na watu wa jinsia yake, na ambaye hana nia ya kuliacha fundisho alilolelewa nalo, mara nyingi huambiwa kwamba njia iliyo mbele yake ni moja tu: aombe, atubu, abadilike. Kumbe ndani ya Ukristo wa kihafidhina wenyewe zipo njia zisizopungua tatu, nazo zinatofautiana sana, ingawa anayezitazama kwa mbali anaweza kuzidhania kuwa ni kitu kimoja. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwumini huyo, na pia kwa mchungaji, padri au mzazi anayeombwa ushauri na anayetaka kujua huduma anayoipendekeza itamfikisha wapi mtu aliyemwamini. Wapo pia Wakristo wanaoamini kwamba Kanisa linapaswa kubariki ndoa za watu wa jinsia moja. Msimamo wao umeachwa nje hapa kwa sababu moja tu, kwamba anayeuchagua ameshatoka katika swali linalojadiliwa.

Njia zote tatu husoma maandiko yale yale: Mwanzo 1 na 2, Walawi 18:22, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9-11, na maneno ya Yesu kuhusu mume na mke katika Mathayo 19. Zote hufikia hitimisho kwamba tendo la ndoa ni la mume na mke waliooana, na kwamba nje ya hapo, kwa mtu yeyote, ni dhambi. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana katika Mkutano wa Lambeth mwaka 1998 walilipitisha fundisho hilo kwa kura 526 dhidi ya 70, na katika azimio hilo hilo wakaahidi kusikiliza maisha ya waumini wenye mvuto wa jinsia moja. Sehemu ya kwanza ya azimio hunukuliwa kila siku. Ya pili husahaulika haraka, hata na wale walioipigia kura.

Njia hizi huachana pale yanapotenganishwa mambo matatu ambayo katika mahubiri mengi huchanganywa kuwa moja, yaani tendo, mvuto na jina. Tendo ni lile mtu analolifanya kwa hiari yake. Mvuto ni lile linalomjia bila kuitwa, aghalabu tangu utineja. Jina ni lile analojiita mbele ya nafsi yake na mbele ya wengine. Juu ya tendo hakuna ubishi kati ya njia hizi. Ubishi uko katika mvuto, kama unaweza kuondoka na kama wenyewe ni dhambi, na katika jina, kama Mkristo anaweza kulibeba.

Njia ya badiliko

Njia ya kwanza huahidi kwamba mvuto wenyewe unaweza kugeuka. Nguzo yake ya kimaandiko ni 1 Wakorintho 6:11, ambapo Paulo, baada ya kutaja orodha ya wadhambi, huwaambia Wakorintho kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo, lakini wakaoshwa na kutakaswa. Nguzo yake ya pili ilitoka katika saikolojia. Mwaka 1983 Elizabeth Moberly, mtafiti wa Uingereza, alieleza kwamba mvuto wa jinsia moja hutokana na uhusiano uliovunjika kati ya mtoto na mzazi wa jinsia yake, na kwamba mtoto huyo akikua huendelea kukitafuta kile alichokikosa. Mwanasaikolojia wa Marekani Joseph Nicolosi akalijenga wazo hilo kuwa tiba ya kurekebisha, na mwaka 1992 akashiriki kuanzisha chama cha watabibu wa mtazamo huo. Katika baadhi ya makanisa palikuwapo pia mkondo wa maombezi na kukemea mapepo, ambao haukuona haja ya saikolojia hata kidogo.

Huduma iliyobeba ahadi hii kwa ukubwa kuliko nyingine zote ilikuwa Exodus International, iliyoanzishwa California mwaka 1976 na kuja kuunganisha huduma ndogo zaidi ya 100. Ni haki kusema ilichokitoa. Katika miaka ambayo makanisa mengi yalinyamaza au yalifukuza, Exodus ilimpa mtu chumba cha kukaa na wenzake, akazungumza bila kudhihakiwa na akaombewa kwa jina lake. Wengi waliopitia humo, wakiwamo waliokuja kuipinga, wamekiri kwamba hapo ndipo walipolisema jambo lao kwa sauti kwa mara ya kwanza. Sehemu hiyo ya kazi ilikuwa njema, nayo haikutegemea ahadi ya badiliko.

Ahadi yenyewe haikusimama. Michael Bussee, mmoja wa waanzilishi, aliondoka mwaka 1979 pamoja na mhudumu mwenzake wa kiume waliyependana, na mwaka 2007 akaomba radhi hadharani. John Paulk, kiongozi mwingine wa Exodus, ambaye pamoja na mkewe waliwekwa kwenye jalada la jarida la Newsweek mwaka 1998 kama uthibitisho kwamba badiliko linawezekana, alikutwa katika baa ya mashoga jijini Washington mwaka 2000, na mwaka 2013 akaukana ujumbe aliokuwa ameuhubiri. John Smid, aliyeongoza kwa miaka mingi huduma ya Love in Action, mojawapo ya zile zilizounganishwa na Exodus, hadi mwaka 2008, aliandika mwaka 2011 kwamba hajawahi kukutana na mwanamume aliyebadilika kutoka mvuto wa jinsia moja hadi mvuto wa jinsia nyingine. Rais wa mwisho wa Exodus, Alan Chambers, ambaye mwenyewe ameoa mwanamke, alisema mwezi Januari 2012 kwamba asilimia 99.9 ya watu aliokutana nao hawakuona badiliko la mwelekeo wao. Mwezi Juni 2013 aliomba radhi kwa waliodhurika, na huduma ikafungwa. Hawa hawakuwa mahasimu waliotoka nje kuja kuibomoa nyumba. Walikuwa ndio wenye nyumba, na ushahidi wao una uzito ambao mpinzani wa nje hawezi kuwa nao.

Kwa upande wa utafiti, watetezi wa njia hii waliegemea sana kazi ya Robert Spitzer, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwaka 1973 alikuwa miongoni mwa waliosukuma ushoga uondolewe katika orodha ya magonjwa ya akili nchini Marekani. Mwaka 2003 alichapisha mahojiano ya simu aliyoyafanya na watu 200 waliodai kubadilika, akahitimisha kwamba baadhi yao walikuwa wanasema kweli. Mwaka 2012 alikiri kwamba hakuwa na namna yoyote ya kupima ukweli wa madai yale, na akaomba radhi. Kazi ya Stanton Jones na Mark Yarhouse, wanasaikolojia Wakristo wenye imani ya kihafidhina, ina heshima zaidi kwa kuwa waliwafuatilia watu kwa miaka kadhaa badala ya kuwauliza mara moja. Walianza na watu 98 wa huduma za Exodus. Baada ya miaka kati ya sita na saba waliweza kuwapima 61. Kati ya hao 61, asilimia 23 walisema wamegeuka, na asilimia 30 walisema wanaishi katika usafi bila kuzongwa na mvuto kama zamani. Watafiti wenyewe walionya kwamba hata waliosema wamegeuka wengi wao hawakuwa wamegeuka moja kwa moja. Msomaji na afanye hesabu: asilimia 23 ya 61 ni watu 14 hivi, na walioanza safari walikuwa 98. Utafiti huo huo haukuona kwamba washiriki kwa wastani walidhurika, jambo ambalo watetezi hulitaja na wana haki ya kulitaja.

Hata hivyo wastani hauwafuti walioumia. Kamati ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani iliyopitia tafiti 83 na kutoa ripoti mwaka 2009 ilikuta kwamba ushahidi wa jitihada hizi kufaulu hautoshi, na kwamba baadhi ya waliozipitia waliripoti msongo wa mawazo, kujichukia na hata mawazo ya kujiua. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba kamati hiyo haikuwaambia waumini waache imani yao. Ilishauri mtabibu amsaidie mteja mwenye dini kuishi kwa namna inayopatana na imani yake, bila kudai kumbadilisha mvuto.

Njia hii haijafa. Mwaka 2012, Exodus ilipoanza kulegeza ahadi yake, baadhi ya viongozi walijitenga na kuanzisha Restored Hope Network, inayoendelea kufundisha kwamba badiliko linawezekana. Anayefikiria kujiunga na huduma ya namna hii anapaswa kuuliza neno badiliko lina maana gani kwao. Wengine humaanisha mvuto kugeuka, wengine mvuto kupungua, wengine tabia kuachwa. Maana ya tatu inawezekana bila ubishi. Maana ya kwanza ndiyo iliyouzwa kwa miaka karibu 40, na ndiyo iliyowavunja watu, kwa sababu mtu aliyeahidiwa mvuto mpya akabaki na ule ule wa zamani huanza kuamini kwamba ama Mungu amemkataa ama imani yake haitoshi.

Njia ya kukataa jina

Njia ya pili haiahidi kwamba mvuto utaondoka, lakini haikubali mvuto uwe utambulisho. Watu wa njia hii husema "ninavutiwa na watu wa jinsia yangu", hawasemi "mimi ni shoga". Tamko la Nashville, lililotolewa mwezi Agosti 2017 na wainjili wa Marekani, ndilo linaloisema kwa ukali zaidi: kifungu cha 7 kinakana kwamba kujitambua kama shoga kunapatana na makusudi ya Mungu, lakini kifungu cha 8 kinakiri kwamba mtu mwenye mvuto huo anaweza kuishi maisha yenye matunda yanayompendeza Mungu kwa imani katika Kristo. Kwa upande wa Wakatoliki ipo Courage, huduma iliyoanza New York mwaka 1980 chini ya Padri John Harvey kwa ombi la Kardinali Terence Cooke. Malengo yake ni usafi wa maisha, sala, ushirika na urafiki. Kugeuza mvuto si sharti la kujiunga.

Wakatoliki na Wareformati, yaani Waprotestanti wa mkondo wa Calvin, hukaa pamoja katika njia hii, lakini hawafikiri sawa, na tofauti yao humgusa mtu hadi chumbani anaposali peke yake. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulifundisha kwamba tamaa inayobaki ndani ya mtu aliyebatizwa hutoka katika dhambi na huvuta kwenye dhambi, lakini yenyewe si dhambi hasa mpaka mtu airidhie. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya 2357 hadi 2359, inafuata mkondo huo: matendo inayahukumu waziwazi, mwelekeo inauita wenye mvurugo, na papo hapo inaagiza kwamba watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole. Wareformati wengi huenda mbele zaidi na kusema kwamba hata mvuto usioridhiwa, kwa kuwa unaelekea kitu kilichokatazwa, ni wa kutubiwa. Mkatoliki, basi, hupeleka kwenye kitubio kile alichokitenda au alichokiridhia moyoni. Mreformati huweza kujikuta akitubu kila asubuhi jambo lililomtokea usingizini. Watetezi wa fundisho la pili hujibu kwamba kila Mkristo hutubia tamaa zake zote, za kila aina, na kwamba mwenye mvuto wa jinsia moja hatofautishwi na mwanamume aliyeoa anayemtamani jirani. Jibu hilo ni sahihi katika kitabu. Katika ushirika ambao aliyeoa hasikii tamaa zake zikihubiriwa madhabahuni hata mara moja kwa mwaka, lina kasoro ambayo mwenye mzigo huiona mara moja.

Uzuri wa njia hii ni ukweli wake kuhusu muda: haimwekei mtu tarehe ya kupona. Udhaifu wake ni ukimya. Mtu aliyekatazwa jina mara nyingi hukosa pia neno la kuombea msaada, na lugha ndefu ya "mapambano na mvuto usiotakiwa" inaweza kugeuka pazia ambalo nyuma yake hakuna anayeuliza umelalaje.

Njia ya useja unaotajwa waziwazi

Njia ya tatu, ambayo ndiyo changa kwa sura yake ya sasa, humruhusu mwumini ajitaje wazi kwamba ana mwelekeo huo, huku akiishi useja kwa sababu ya fundisho la Kanisa. Msomi wa Agano Jipya Wesley Hill, Mmarekani aliyeanza kuandika juu ya maisha yake mwenyewe mwaka 2010, ni mmoja wa wanaosikika zaidi. Mkutano wa Revoice, ulioanza St. Louis mwaka 2018, uliwakusanya watu wa mtazamo huu, na mara ukazua mabishano makali miongoni mwa Wapresbiteri wahafidhina waliouona kuwa unalegeza msimamo. Uingereza ipo Living Out, iliyoanzishwa mwaka 2013 na wachungaji wenye mvuto wa jinsia moja. Lugha yao iko kati ya njia ya pili na hii ya tatu, jambo linaloonyesha kwamba mipaka ninayoichora hapa ni ya kufundishia tu na watu halisi huivuka.

Neno kuu la njia hii ni urafiki. Watu wake humrejea Aelred wa Rievaulx, abati wa Uingereza wa karne ya 12 aliyeandika juu ya urafiki wa kiroho, na hudai kwamba Kanisa liliwahi kujua aina za upendo wa kudumu zisizo ndoa na likazisahau. Andiko lao la faraja ni 2 Wakorintho 12:9, "Neema yangu yakutosha", ambalo Paulo aliambiwa baada ya kuomba mara tatu mwiba utoke mwilini mwake nao usitoke. Ni andiko zito kwa mada hii, kwa sababu linakubali kwamba sala ya kweli, ya mtume, inaweza kujibiwa bila mwiba kuondolewa.

Gharama ya njia hii hulipwa na watu wawili, mwumini na ushirika wake, na ushirika ndio unaokwepa deni lake mara nyingi zaidi. Mseja wa miaka 25 mwenye marafiki wengi na mseja wa miaka 60 anayekula peke yake si mtu mmoja, hata kama nadhiri ni ile ile. Padri mseja ana nyumba, kazi, vazi na heshima vinavyoubeba useja wake. Mwumini wa kawaida aliyeambiwa abaki mseja hupewa wajibu huo bila hata kimoja kati ya hivyo. Kanisa linalomsifu kwenye mimbari, kisha likapanga kila shughuli kwa ajili ya wenye ndoa na watoto, limempa msalaba na kumnyima Simoni wa Kirene, yule aliyemsaidia Yesu kuubeba. Anayeichagua njia hii na awatazame kwanza wazee wasiooa wa ushirika wake, aone nani huwatembelea.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Tukizipima njia hizi kwa swali la ndoa, ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu imewahi kuitumia ndoa kama cheti cha kupona, na mke au mume akageuzwa dawa bila kuulizwa. Njia ya pili na ya tatu huiona ndoa ya mume na mke kuwa inawezekana kwa baadhi ya watu na si lengo la wote. Ndoa za namna hiyo zipo, na nyingine hudumu kwa upendo, lakini sharti lake ni moja lisilo na punguzo: mchumba aambiwe yote kabla ya siku ya ndoa, na apewe muda wa kusema hapana.

Kwa kipimo cha afya ya nafsi, njia ya kwanza ikiwa na maana ya kugeuza mvuto siwezi kumshauri mtu yeyote aiingie, na nasema hivyo bila kumtaka aache hata mstari mmoja wa fundisho lake. Fundisho kuhusu tendo na ahadi kuhusu mvuto ni vitu viwili. La kwanza lina karne nyingi, la pili lilipata umbo lake katika miaka ya 1970 na 1980. Uchaguzi wa kweli kwa mhafidhina uko kati ya njia ya pili na ya tatu. Anayeona kwamba jina linamfunga, au ambaye katika mazingira yake kulitamka kungemweka hatarini, atapata pumziko zaidi katika ya pili, hasa kwa sura yake ya Kikatoliki isiyomtaka atubie kile asichokiridhia. Anayeona kwamba siri ndiyo inayomla, na aliye na walau watu watatu au wanne wanaoweza kuisikia bila kuitangaza, ataweza kuishi katika ya tatu.

Mtoto na kijana aliye chini ya miaka 18 hawamo katika uchaguzi huu, kwa sababu hawana uhuru wa kukataa kile mzazi alichokiamua. Ndiyo maana sheria nyingi zilianzia kwao: California mwaka 2012 iliwakataza watabibu wenye leseni kujaribu kuwabadilisha watoto mwelekeo, Malta ikafuata kwa sheria ya nchi nzima mwaka 2016, Ujerumani ikakataza kwa walio chini ya miaka 18 mwaka 2020, na sheria ya Kanada, iliyoanza kutumika Januari 2022, inawahusu watu wazima pia. Wapo wahafidhina wanaohofu kwamba baadhi ya sheria hizi zinaweza kufika hadi kwenye sala na mazungumzo ya kichungaji, na hofu hiyo inastahili kujibiwa na wanasheria kwa kuisoma kila sheria kivyake. Lakini mzazi hahitaji kusubiri sheria. Kijana aliyekuja kusema jambo hili nyumbani amekwisha kupima kwa miezi, pengine miaka, kama atabaki na kitanda, na anachohitaji kusikia usiku ule ni kwamba kitanda kipo.

Kwa mtu mzima anayekwenda kuonana na kiongozi wa huduma yoyote kati ya hizi, maswali machache yatamwonyesha zaidi kuliko kijitabu chochote. Aulize kama kuna ada na ni ya nini. Aulize kama anaweza kuondoka wakati wowote na nani ataambiwa akiondoka. Aulize ni wangapi waliopitia hapo miaka kumi iliyopita ambao kiongozi bado anazungumza nao, na wangapi kati yao mvuto wao haukubadilika, na sasa wanaishije. Akijibiwa kwa ushuhuda wa mtu mmoja aliyesimamishwa jukwaani, aulize tena.